"Did not go through": wametukata au haikufika?

Kutoka: Mama wa Bagira, Ohio. Jumanne jioni

Jambo wote, watu wa kwetu Bukavu, poleni na kazi na baridi.

Naomba msaada kwa wenye kujua mambo ya Medicaid, bima ya afya ya serikali, na SNAP, msaada wa chakula. Mwezi huu ilikuwa zamu yetu ya kufanya upya vyote viwili. Binti yangu mkubwa alijaza fomu kwenye simu, akapiga picha vikaratasi vya mshahara wa baba yake, grini kadi zetu sote na mkataba wa nyumba, akatuma. Leo nikitoka kazini nimefungua akaunti nikakuta mstari mmoja tu: "Your renewal did not go through. Please contact us." Hakuna sababu, hakuna tarehe, hakuna jina la mtu wa kuuliza. Nimepiga namba waliyoweka pale, ni muziki tu mpaka laini inakatika.

Jirani yangu, naye ni wa kwetu, ananiambia wametukata. Binti anasema hapana, ni fomu haikuingia, tutume tena. Mtoto wangu wa tatu ana asma na dawa yake ya kupuliza inakaribia kuisha, kwa hiyo siwezi kukaa nikisubiri barua. Swali langu ni hili: wametunyima, au karatasi hazikufika? Kama wametunyima, natakiwa kukata rufaa. Kama hazikufika, natakiwa kutuma upya. Sitaki kufanya kimoja wakati kilichotakiwa ni kingine.

Mbarikiwe.

Kutoka: Yaya wa Nguba, Texas. Jumanne usiku

Mama, usiogope, hiyo haikufika. Tuma tena.

Yalinikuta na N-400 yangu, fomu ya kuomba uraia. Niliijaza kwa karatasi nikaambatisha G-1450 ili wakate dola 760 kwenye kadi. Benki yangu ikaona ni pesa nyingi kuliko kawaida yangu, ikafunga kadi bila kunipigia. Bahasha nzima ikarudi nyumbani na karatasi ya kusema malipo hayakupita. Nikapiga benki, yule kijana akaniambia maneno hayohayo: "The payment didn't go through on our end." Wakafungua kadi, nikatuma upya, kazi ikaisha. Hakuna aliyeninyima uraia.

Na kwa wanaojiandaa: mkituma N-400 kwenye intaneti ni dola 710, siyo 760. Fomu za karatasi tangu 28 Oktoba 2025 hazipokelewi na cheki wala money order, isipokuwa kwa wachache wenye ruhusa. Ni G-1450 ya kadi au G-1650 ya akaunti ya benki. Pigeni simu benki kabla ya kutuma, waambieni kuna pesa kubwa inakuja kukatwa. Kadi ikikataa, watu wa uhamiaji hawana wajibu wa kujaribu mara ya pili.

Kutoka: Mwalimu wa Nyawera, Leeds. Jumatano asubuhi

> Mama, usiogope, hiyo haikufika.

Ndugu yangu wa Nguba, umejibu kama vile maneno hayo yana maana moja kila mahali. Hayana. Ukitaka kujua "go through" inasema nini, angalia kwanza ni kitu gani kinachopita, halafu ni nani mwenye mlango.

Malipo, simu, faksi, ujumbe: hivi vinasafiri kwenye waya. "My payment didn't go through." "The call didn't go through." "The fax didn't go through." Havikufika, basi, rudia. Hakuna mtu aliyekaa mezani akasema hapana. Lakini ununuzi wa nyumba, talaka, mswada bungeni, hivi vinapita mikononi mwa watu. "The divorce went through" maana yake hakimu amemaliza, ndoa imekwisha. "The sale didn't go through" maana yake biashara imevunjika, na aliyeivunja anaweza kuwa mnunuzi, mwenye nyumba au benki iliyokataa mkopo. Sentensi haikuambii ni nani.

Sasa hiyo renewal ya Mama ni ipi? Ni fomu iliyopita kwenye waya na ni ombi linaloamuliwa na mtu, yote kwa pamoja. Aliyeandika mstari ule alijua anachomaanisha, msomaji hawezi kujua. Mama ana haki ya kuuliza, na jibu la "tuma tena" linaweza kumpotezea siku za rufaa.

Nafundisha jambo hili watu wazima wetu hapa kila Jumamosi na naona linavyowaumiza. Mtu anajua "go", anajua "through", anaweka maneno mawili pamoja na anapata njia, mlango, daraja. Halafu ofisi inamwandikia juu ya pesa yake.

Kutoka: Yaya wa Nguba, Texas. Jumatano

Mwalimu, aksanti kwa somo. Mama aliuliza afanye nini.

Kutoka: Dereva wa Kadutu, Iowa, safarini. Jumatano usiku

Nimesimama kupumzika nimesoma yote. Mama, huwezi kuwapata kwa simu saa za mchana, usijichoshe. Piga dakika ileile wanayofungua, kabla foleni haijajaa, na ukisikia sauti ya mashine inauliza lugha usibonyeze haraka, sema "Swahili" polepole. Ukiongea na mtu mwambie tu: "I called many times, I could not go through."

Na mimi niongeze langu. Kazini neno hili ni kila saa. Mwenye gereji akisema "we went through a lot of tires this winter" anataka kusema tairi nyingi zimekwisha, zimetumika. Polisi wa barabara akikuambia "I'm going to go through your logbook" atasoma ukurasa kwa ukurasa, tulia. Akisema "go through your bags" hapo ni kupekua. Mwenzetu mmoja wa Uvira aliambiwa hivyo, akainua mabegi akaanza kutembea nayo kuelekea mlango wa ofisi, akidhani anaambiwa apite na mabegi. Askari akaweka mkono kiunoni. Ilikuwa usiku, kuna theluji, watu wenye bunduki. Nilikuwa nyuma yake na lori langu, nikapiga kelele kwa Kiswahili "Weka chini, weka chini!" Akaweka. Tangu siku hiyo kila kijana wa kwetu anayekuja kujifunza kuendesha nafanya naye sentensi hizo ndani ya kabini kabla hajagusa usukani.

Kutoka: Mwalimu wa Nyawera, Leeds. Alhamisi

Kaka Dereva, ulimwokoa kijana wa watu, Mungu akulinde barabarani. Lakini sahihisho moja, maana Mama anaweza kuinakili sentensi yako. Haisemwi "I could not go through". Mtu anayepiga simu hasemi amepita, anasema "I couldn't get through". Simu yenyewe ndiyo "didn't go through". Anayehangaika ana "get", kinachosafiri kina "go". Na mkipewa majibu baadaye mtasikia ya tatu: "Your papers came through", yaani yametoka, umepata.

Kutoka: Dereva wa Kadutu, Iowa

Wananielewa miaka yote.

Kutoka: Mwalimu wa Nyawera, Leeds

Wanakuelewa kwa sababu wanasikia "simu" na "mara nyingi". Kwenye barua ya rufaa hawatakuona uso.

Kutoka: Kijana wa Ibanda, Arizona. Alhamisi

Mama, mna grini kadi au bado mko na I-94 tu, ile karatasi ya kuingilia nchini? Kwa sababu sheria ya 4 Julai 2025 imewatoa wakimbizi kwenye SNAP mpaka wapate grini kadi. Kama bado, basi hiyo ndiyo sababu na hakuna rufaa itakayosaidia. Rafiki zangu wengi hapa wamekatwa. Jazeni I-485, fomu ya grini kadi, mara tu mwaka mmoja ukitimia, kwa mkimbizi haina malipo.

Kutoka: Yaya wa Nguba, Texas

Kijana, soma ujumbe wa kwanza kabla ya kutisha watu. Ameandika wazi "grini kadi zetu sote".

Kutoka: Kijana wa Ibanda, Arizona

Sawa, lakini wengine wanaosoma hawana. Nimeandika kwa ajili yao pia.

Kutoka: Mkalimani wa Essence, Kentucky. Alhamisi usiku

Nimekuwa zamu ndefu, sasa ndiyo nakaa. Nitaandika kirefu, mnisamehe, maana neno hili limeniuma kabla halijawa kazi yangu.

Mama yangu mdogo, wa Walungu huko Kivu, alifanyiwa mahojiano kambini kwa ajili ya kuja Marekani. Yupo hapa sasa na amenipa ruhusa kusimulia. Afisa alimwuliza kwa Kiingereza: "Can you tell me what you went through?" Mkalimani, kijana mzuri tu, aliyesomea mbali na kwetu, akageuza: "Unaweza kutueleza ulipitia nini?" Mama mdogo akasikia njia. Akajibu kwa makini sana, kwa sababu alikuwa ameambiwa ukikosea mahali watasema unasema uongo. Alisema: nilipitia Kamanyola, nikapitia Luvungi, nikafika Uvira, nikavuka Kavimvira, nikaingia Gatumba. Akataja na mahali alipolala, na mwenye nyumba aliyempa maji. Yote ni kweli na kila kijiji kiko mahali pake. Afisa akaandika. Kisha akasema "let me go through your statement with you", akamsomea yote, na mama mdogo akaitika kila mstari. Akaulizwa kama kuna la kuongeza. Akasema hakuna.

Yaliyomtoa Walungu hayakuandikwa hata neno moja.

Dosye ilikaa, halafu ikarudishwa kwa mahojiano mengine. Safari hii mkalimani alikuwa mama mtu mzima wa Fizi. Afisa aliuliza swali lilelile, kwa maneno yaleyale, na yule mama akamgeukia mama mdogo akamwambia: "Mama, ni mambo gani yalikupata?" Mama mdogo aliomba maji. Alishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa, halafu akaanza na jina la mtoto wake wa kwanza.

Kwa hiyo nawaomba, nyote mnaosaidia wazee wetu kwenye mahojiano, hata kama ni kwenye kliniki tu na daktari wa akili: "what you went through" semeni "yaliyokupata", "mateso uliyoyaona". Msiseme "ulipitia".

Kutoka: Mwalimu wa Nyawera, Leeds. Ijumaa asubuhi

Dada Mkalimani, nimesoma mara mbili. Pole kwake, umwambie tumemsalimu.

Ila "amepitia mengi", "amepitia magumu" ni Kiswahili safi na redio zinakisema kila siku. Tusiwafundishe vijana kwamba ni makosa.

Kutoka: Mkalimani wa Essence, Kentucky

Mwalimu, redio ni redio. Mzee wa Walungu aliyejifunza Kiswahili sokoni ukimwambia "ulipitia" atakupa ramani. Mkalimani anasema na mtu aliye mbele yake.

Kutoka: Mama wa Nyarugusu, Maine

Ni kweli dada. Baba yangu alijibu hivyohivyo, alianza kuhesabu mito.

Kutoka: Mama wa Bagira, Ohio. Ijumaa

Nimesoma hiyo ya mama mdogo nikalia kazini. Mungu amtie nguvu.

Ndugu zangu, bado sijapata jibu. Leo nimepiga asubuhi kama Dereva alivyosema, nikamfikia mtu. Nikamwuliza "why did my renewal not go through?" Akajibu haraka haraka, nilichoshika ni "it's still going through" halafu "you'll hear from us". Sasa imepita, haikupita, au inapita? Akaunti bado inaonyesha mstari uleule. Famasia wamesema kadi ya mtoto bado inafanya kazi leo, baada ya mwisho wa mwezi hawajui.

Kutoka: Mkalimani wa Essence, Kentucky. Ijumaa usiku

Mama, ukiwauliza kwa "go through" watakujibu kwa "go through" na mtazunguka hapo mpaka Krismasi. "It's still going through" kwa kawaida ni kwamba bado inashughulikiwa, lakini huyo wa simu anaweza kuwa anaona SNAP wakati wewe unauliza Medicaid. Ni maombi mawili hata kama fomu ni moja. Inawezekana moja inaendelea na nyingine imekwama.

Uliza kwa maneno yasiyo na milango miwili. Mpe binti ayaandike: "Did you receive our renewal form? What date?" Kisha: "Is it pending, approved or denied?" Wakisema pending: "What document is missing?" Wakisema denied: "Please mail me the notice." Ukiuliza kila kimoja peke yake, SNAP kwanza, Medicaid halafu, utapata majibu mawili.

Na ujue hili. Kukunyima hakufanywi kwa mstari kwenye akaunti. Wakikunyima wanatakiwa kukuandikia, watoe sababu na waeleze haki yako ya kuomba kusikilizwa, ndiyo wanaiita fair hearing. Kwa SNAP una siku 90 za kuiomba. Kwa Medicaid kila jimbo lina siku zake, hazizidi 90. Ukiiomba kabla ya tarehe ya kukatwa, Medicaid inaweza kuendelea mpaka uamuzi utoke. Na ikitokea watoto wamekatwa kwa sababu fomu haikurudi, bado una siku 90 baada ya kukatwa za kuleta fomu hiyo bila kuanza ombi jipya. Kwa hiyo usikose usingizi. Ila usisubiri.

Omba mkalimani, ni bure. Usimtumie binti kwenye mambo ya afya ya ndugu zake.

Kutoka: Kijana wa Ibanda, Arizona

Mkalimani wa bure walishaondoa. Kuna amri ya rais ya Machi 2025 iliyofanya Kiingereza kuwa lugha rasmi.

Kutoka: Mkalimani wa Essence, Kentucky

Kijana, hapana, na hii naisema kwa sababu ndiyo mkate wangu. Amri ya 1 Machi 2025 ilifuta amri ya zamani ya mwaka 2000 juu ya huduma za lugha. Haikufuta sheria ya haki za raia ya 1964. Sehemu yake inayokataza ubaguzi, Title VI, bado ipo, na kliniki na ofisi nyingi bado zinatuita kila siku. Kuna mahali wamepunguza, nakubali, na nina hasira nayo. Lakini ukiwaambia watu wetu "walishaondoa" hawataomba tena, na wasipoomba ndipo litaondoka kweli.

Kutoka: Yaya wa Nguba, Texas. Jumamosi

Hapo nakuunga mkono kabisa, dada.

Lakini tuseme ukweli, haya yote yanatupata kwa sababu gani? Kwa sababu nchi yetu haina amani. Mtu mwenye shamba Walungu hana sababu ya kujifunza "go through" akiwa na miaka 60. Kinshasa wanatia saini, Kigali wanatia saini, mkataba wa Washington wa 27 Juni 2025 ulitiwa saini, na Bukavu bado ni ileile tangu Februari 2025 ilipochukuliwa na M23.

Kutoka: Dereva wa Kadutu, Iowa

Yaya, tulikubaliana siasa iwe na uzi wake. Mama anatafuta dawa ya mtoto.

Kutoka: Yaya wa Nguba, Texas

Siyo siasa. Ni sababu.

Kutoka: Mdogo wa Panzi, Bukavu. Jumamosi

Wakubwa zangu, jambo. Mimi niko huku nyumbani, nawasoma kimyakimya. Sina la kusema juu ya Medicaid, ila hiyo "did not go through" tunaijua sana.

Tangu benki zifungwe baada ya mji kuchukuliwa, pesa zenu ndizo zinaendesha nyumba nyingi. Mnatuma, simu yenu inaandika hiyo sentensi, mnatuandikia "pesa imekataa". Tunajua maana yake: inarudi kwenu, mtajaribu tena kesho. Lakini mara nyingine kwenu inaandika imepita, na huku haijafika, na hapo ndipo ndugu wanagombana. Mmoja anasema nimetuma, mwingine anasema sijapata, na wote wanasema ukweli. Ikifika kwenye simu, wakala hana noti. Tunavuka Ruzizi ya Kwanza asubuhi, tunaenda Kamembe, upande wa Rwanda, kutoa, tunarudi kabla mpaka haujafungwa. Kwenye foleni ya Kamembe utakuta nusu ya Kadutu. Njo maisha ya huku.

Ninachowaomba: msitangaze kwenye familia kwamba mmetuma mpaka mpokeaji athibitishe kwa sauti yake. Picha ya skrini haitoshi. Mama mmoja wa mtaa wetu alikopa dawa hospitalini kwa nguvu ya picha ya skrini, na pesa ilirudi Kanada.

Kutoka: Mama wa Nyarugusu, Maine

Mdogo wetu, vumilieni. Sambaza, zile samaki ndogo za ziwani, bado zinapatikana?

Kutoka: Mdogo wa Panzi, Bukavu

Zinapatikana, mama. Boti zikiingia asubuhi wanakuja nazo kwenye beseni mpaka Nyawera, bado zinang'aa. Bei imepanda. Tunakula na bugali ya muhogo, sombe siku za Jumapili.

Kutoka: Mama wa Nyarugusu, Maine

Huku nazikuta zimekauka kwenye duka la Waafrika, ndogo, zimejaa chumvi. Watoto wangu wanadhani ndiyo ladha yake.

Kutoka: Dereva wa Kadutu, Iowa. Jumapili

Na mimi nilikuwa Kamembe kwenye foleni hiyo kabla ya kuja huku, wakati wa shida nyingine. Salimia mlima wa Kadutu, mdogo wangu. Ukipita sokoni upande wa wauza viatu, kuna mzee fundi wa cherehani chini ya bati la kijani, mwulize kama anakumbuka mtoto aliyekuwa akimshikia taa. Usiku umeme ukikatika nilikuwa namshikia taa mpaka amalize sare za shule.

Kutoka: Mwalimu wa Nyawera, Leeds. Jumapili

Kabla uzi haujapotea kabisa, kuna jambo sikulimaliza, na kuna watu wameniandikia pembeni. Mtu wa hospitali ameulizwa "are you sure you want to go through with it?" juu ya upasuaji. Hiyo ina "with" mkiani na ni jambo lingine. Anaulizwa kama bado ameamua, kama anataka kuendelea mpaka mwisho au anarudi nyuma. Akisema "yes" amekubali kupasuliwa. Asijibu kwa adabu tu. Huku kwetu wazee wanasema "yes, yes" ili wasimchoshe daktari.

Kwa wenye mahojiano ya uraia, afisa atasema "let's go through your application". Atachukua N-400 na kuuliza yaliyomo moja baada ya jingine: safari, anwani, kodi, watoto. Someni nakala yenu usiku wa kuamkia mahojiano. Mabadiliko yoyote tangu mlipotuma yasemeni hapo. Na kwa waliotuma N-400 kuanzia 20 Oktoba 2025, maswali ya uraia ni yale mapya, 128, mnaulizwa 20 mkipata 12 mmepita. Waliotuma kabla wana yale ya zamani, 100, wanaulizwa 10 wakipata 6.

Na jambo la sarufi, kwa vijana: huwezi kulipasua neno hili katikati. Unasema "fill it out", "turn it in", lakini "go through it". Ukisikia mtu anasema "go it through" ujue amejifunza kwetu.

Kutoka: Yaya wa Nguba, Texas

Mwalimu, wewe uko Uingereza, maswali ya uraia wa Marekani umeyajulia wapi?

Kutoka: Mwalimu wa Nyawera, Leeds

Mdogo wangu yuko Nebraska, namfundisha kwa simu. Na namba zangu ni sahihi, kazitazame.

Kutoka: Yaya wa Nguba, Texas

Nimetazama. Ni sahihi.

Kutoka: Mama wa Bagira, Ohio. Jumapili usiku

Aksanteni nyote. Binti ameyaandika maswali ya dada Mkalimani kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, tumeyasema pamoja mezani mpaka mdomo umezoea. Kesho niko zamu ya usiku kwa hiyo asubuhi naenda ofisini mwenyewe na karatasi zote, sitapiga simu. Kuna aliye karibu na Dayton anayeweza kunisindikiza? Nataka mtu mzima, siyo mtoto.

Kutoka: Mkalimani wa Essence, Kentucky

Niko Louisville, ni saa mbili na kitu kwa gari na nina zamu mchana. Nipigie ukiwa kwenye kaunta, niweke kwenye spika. Wakisema wana mkalimani wao, mkubali huyo, mimi nitasikiliza tu. Wakitaja tarehe yoyote, waombe waiandike.

Kutoka: Kijana wa Ibanda, Arizona

Samahani kuingilia, kuna mwenye I-730, ombi la mkimbizi kumleta mke au mtoto, ambayo imekaa zaidi ya mwaka? Ya mke wangu inaandika "case is being actively reviewed" tangu zamani, na yeye yuko Goma, na ubalozi uko Kinshasa. Atapita wapi?